Anwani ya Barua Pepe Iwe Yako Mwenyewe

Hapa Mombasa wako watu wengi wenye anwani ya barua pepe ambayo kwa hakika si yao. Wanaijua kwa kuwa imechapishwa kwenye cheti chao cha PIN ya KRA, yaani mamlaka ya mapato, au kwa kuwa waliandikiwa kwenye kipande cha karatasi siku walipokwenda saiba, yaani duka la kompyuta za kukodi, kuomba cheti cha tabia njema, lakini hawajapata kuifungua kwa mikono yao, nenosiri lake hawalijui, na namba ya simu iliyosajiliwa pamoja nayo ni ya kijana aliyekuwa zamu siku ile. Anwani hiyo hiyo ndiyo iliyoandikishwa kwenye mfumo wa kodi wa iTax, ndiyo iliyoandikishwa kwenye mfumo wa huduma za serikali wa eCitizen, na aghalabu ndiyo iliyojazwa kwenye fomu ya benki na kwenye maombi ya mkopo wa masomo wa HELB wa mtoto. Nimeamua kueleza kwa urefu namna ya kufungua akaunti ya barua pepe kwenye kompyuta na kuitunza, kwa sababu naona jambo hili limedharauliwa mno, na wanaoumia ni watu wazima wenye heshima zao, wanaolazimika kuzunguka ofisi moja hadi nyingine kutafuta kitu ambacho kingepaswa kuwa mikononi mwao tangu mwanzo.

Siwalaumu wahudumu wa saiba. Mwisho wa Juni, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za kodi inapokaribia, foleni katika saiba za Mwembe Tayari hufika mlangoni, na mtu anayekuja hana barua pepe ila anataka shughuli yake imalizike kabla ya adhuhuri. Mhudumu humfungulia akaunti kwa dakika chache, huweka nenosiri lile lile analowawekea wateja wote, hutumia simu yake kupokea namba ya uthibitisho kwa kuwa ya mteja haina chaji, kisha huendelea na kazi iliyomleta mteja. Kila mmoja huondoka ameridhika. Tatizo huja baadaye, kwa kuwa karibu kila mfumo wa mtandaoni, ukisahau nenosiri lake, hukutumia kiungo cha kuweka jipya kupitia barua pepe. Mwenye uwezo wa kufungua kikasha chako anaweza kubadilisha nenosiri la iTax yako, la eCitizen yako na la kila mahali ulikojiandikisha, na wewe usiyeweza kukifungua huwezi kurejesha hata kimoja.

Khalati yangu ana duka la leso Barabara ya Biashara. Alipotaka kuomba pasipoti mpya, eCitizen ilikataa nenosiri lake. Alipobonyeza pale pa kusema amelisahau, ujumbe ukatumwa kwenye barua pepe. Na tulipojaribu kuifungua hiyo barua pepe, ikadai namba ya uthibitisho iliyotumwa kwenye simu, ikaonyesha tarakimu mbili tu za mwisho za simu yenyewe. Khalati alizitazama kwa muda.

“Mwanangu,” akaniuliza, “hii simu inayoishia themanini na tatu ni ya nani?”

Katika jamaa nzima hakuna mwenye namba hiyo, na pale palipokuwa saiba siku hizi panauzwa makava ya simu. Nikamwambia, “Khalati, tutafungua nyingine, ila utaichapa wewe, mimi nitakaa kando.” Alikubali, na tangu siku hiyo nimeshika utaratibu huo kwa kila mtu ninayemsaidia: mikono iliyo kwenye kibodi ni ya mwenye akaunti, hata kama tutachukua saa nzima.

Kabla ya kufungua akaunti mpya, angalia kwanza kama tayari unayo. Simu nyingi zinazotumika hapa ni za Android, na duka la programu la Android halikuruhusu kupakua chochote bila akaunti ya Google, kwa hiyo huenda muuzaji aliyekuuzia simu alikufungulia akaunti palepale dukani bila ya kukueleza. Ingia kwenye mipangilio ya simu, utafute sehemu ya akaunti, na uone ni anwani gani iliyoandikwa pale. Nimewakuta watu wenye akaunti tatu au nne kwa njia hiyo, kila simu mpya na anwani yake, na picha za harusi zimehifadhiwa kwenye akaunti ambayo hakuna anayeikumbuka. Kama anwani uliyoikuta ina jina linalofaa na simu bado inaifungua, hiyo inatosha. Badilisha nenosiri ukiwa bado ndani, weka namba yako, na usiongeze nyingine.

Kuhusu kampuni ya kuchagua sina mengi. Gmail ilianza tarehe 1 Aprili 2004 ikiwa na nafasi ya gigabaiti 1 wakati wengine walikuwa wakitoa megabaiti chache tu, na leo hutoa gigabaiti 15 bure, ingawa nafasi hiyo hugawanywa pamoja na mafaili ya Drive na picha unazohifadhi huko. Outlook ya Microsoft na Yahoo nazo zinafanya kazi ileile, na Proton Mail ya Uswisi inawafaa wanaojali zaidi usiri wa maandishi yao. Kwa mtu mwenye simu ya Android na kompyuta moja nyumbani, Gmail humpunguzia akaunti za kukumbuka, na kwangu hiyo ni sababu tosha.

Jina lenyewe linahitaji fikira zaidi kuliko watu wanavyodhani. Gmail inataka herufi zisizopungua 6 wala kuzidi 30, haitofautishi herufi kubwa na ndogo, na nukta zilizo ndani ya jina haizihesabu, kwa hiyo fatma.ali na fatmaali ni anwani moja. Pwani hii tuna akina Mohamed Ali, Fatma Salim na Mwanaisha Juma wasiohesabika, na anwani zote nyepesi zilishachukuliwa miaka mingi iliyopita. Desturi ya wengi ni kuongeza mwaka wa kuzaliwa, jambo ambalo silipendi, kwa sababu mwaka huo ni mojawapo ya mambo unayoulizwa ukitaka kuthibitisha kwamba wewe ndiye wewe, na hakuna haja ya kumtangazia kila unayemwandikia. Ongeza jina la babu. Tumezoea kuitwa kwa majina matatu, na jina la tatu karibu kila mara hupatikana. Andika pia kwa tahajia iliyo kwenye kitambulisho chako: kama kitambulisho kinasema Mohamed kwa m moja, basi anwani nayo iwe na m moja, maana afisa atakayekuandikia atanakili kutoka kwenye kitambulisho, na barua iliyotumwa kwa Mohammed itafika kwa mtu mwingine kabisa ambaye hatakuwa na sababu ya kukurudishia.

Jambo lililomkwaza khalati zaidi lilikuwa alama ya @. Alama hiyo ilichaguliwa mwaka 1971 na Ray Tomlinson, mhandisi wa Marekani aliyetuma barua ya kwanza kutoka kompyuta moja hadi nyingine kupitia mtandao wa ARPANET, ili kutenga jina la mtu na jina la mashine anakopatikana. Kwenye kibodi za kompyuta nyingi zinazouzwa hapa mjini alama hiyo haiko inapoonekana kuwa iko. Ni kompyuta zilizokwisha kutumika Uingereza, wauzaji wanaziita ex-UK, na kibodi zake zimechorwa kwa mpangilio wa Kiingereza cha Uingereza: kwenye tarakimu 2 pamechorwa alama ya kunukuu, na @ imechorwa upande wa kulia karibu na kitufe cha Enter. Lakini anayeingiza Windows upya dukani mara nyingi huiacha kwenye mpangilio wa Marekani, ambapo mambo ni kinyume, kwa hiyo ukibonyeza palipochorwa @ unapata alama ya kunukuu, na ukibonyeza palipochorwa alama ya pauni unapata #. Kwenye anwani utaliona kosa hilo mara moja. Kwenye nenosiri huoni chochote ila vitone, na ndiyo maana mtu huapa kwamba nenosiri lake ni sahihi, na kweli vidole vyake vimebonyeza vitufe vilevile, ila kompyuta ya nyumbani na ile ya saiba zimeandika vitu viwili tofauti. Bonyeza ile picha ndogo ya jicho pembeni mwa kisanduku ili uyaone maandishi yenyewe kabla ya kuthibitisha, hasa siku ya kwanza.

Kwa sababu hiyo hiyo nashauri nenosiri la herufi na tarakimu tupu, lenye urefu wa kutosha, badala ya fupi lililojaa alama. Maneno manne au matano ya Kiswahili yasiyohusiana, yaliyoshikamanishwa bila nafasi na kutiwa tarakimu mbili katikati, humshinda mdukuzi kuliko jina la mtoto lililomaliziwa na 123, na mtu mzima huyakumbuka bila taabu. Usichukue methali wala ubeti unaojulikana, kwa kuwa programu za kubahatisha manenosiri hulishwa pia maneno yaliyokwisha kuandikwa mahali. Usilitumie nenosiri la barua pepe mahali pengine popote. Likivuja kwenye tovuti ya kuuza viatu, lisifungue kikasha chako. Na ukihofia kulisahau, liandike kwenye daftari na uliweke nyumbani pale unapoweka hati ya nyumba na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Wapo wataalamu wanaokataza kabisa kuandika, lakini mimi naona mwizi wa mtandaoni aliyeko bara jingine hawezi kufungua kabati la chumbani kwako, ilhali kusahau ni jambo linalowafika watu kila siku.

Ukishaweka nenosiri, washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani akaunti ikuombe nenosiri na kisha kitu cha pili kilicho mkononi mwako. Njia iliyozoeleka ni namba inayotumwa kwa SMS, na ni bora kuliko kutokuwa na kitu, ila ina udhaifu wa aina mbili ambao hapa kwetu si wa kufikirika tu. Wa kwanza ni matapeli wanaofanikiwa kuisajili upya laini yako kwenye kadi yao, na ujumbe wako wote ukaanza kuingia kwao. Wa pili unawahusu jamaa zetu walioko Ughaibuni. Kijana wa Likoni au wa Kisauni anapokwenda kufanya kazi Saudia, Qatar au Oman, hununua laini ya huko, na laini ya Kenya hubaki imezimwa kwenye pochi. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na baadaye kampuni ya simu huweza kumuuzia mteja mwingine namba ile ile. Siku kijana anapobadilisha simu huko aliko, au anapoingia kutoka kompyuta ngeni, namba ya uthibitisho hutumwa kwa laini iliyokufa, au mbaya zaidi kwa mtu wa Nakuru asiyemjua. Nimeona mikataba ya kazi, nakala za viza na risiti za kutuma fedha zikipotelea humo, na mwenye navyo yuko mbali, hana wa kumlilia.

Anayesafiri afanye haya kabla ya kupanda ndege, akiwa ametulia mbele ya kompyuta: aweke programu ya kuzalisha namba za uthibitisho kwenye simu anayosafiri nayo, kwa kuwa programu ya aina hiyo haihitaji laini wala intaneti ili itoe namba, aweke barua pepe ya pili ya kurejeshea akaunti, iwe ya mke, mume au ndugu anayeaminika, na achapishe zile namba za akiba. Google hutoa namba 10 za akiba, kila moja ina tarakimu 8, na kila moja hutumika mara moja tu. Nakala moja ya karatasi hiyo abebe ndani ya pasipoti, nyingine aiache kwa mama. Akifika huko na kupata laini mpya, aiongeze kwenye akaunti siku hiyo hiyo, kabla ya kuiondoa ya zamani.

Sasa nije kwenye kompyuta yenyewe. Barua pepe unaweza kuisoma kwa njia mbili, ama kwa kivinjari kama Chrome au Firefox, ama kwa programu maalumu inayokaa ndani ya kompyuta, kama vile Outlook au Thunderbird ya Mozilla, ambayo ni ya bure na toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2004. Kwa mtu mwenye barua tatu au nne kwa wiki, kivinjari kinamtosha. Kwa ofisi, na kwa yeyote mwenye anwani zaidi ya moja, napendekeza programu, kwa sababu barua zote hukusanyika mahali pamoja na huweza kusomwa hata umeme ukikatika na kisanduku cha intaneti kikazimika, mradi kompyuta yako ina betri. Ni kweli kwamba nyaya kuu za intaneti kama TEAMS na SEACOM ziliingia nchini kupitia Mombasa yetu mwaka 2009, lakini kuwa jirani wa waya wa baharini hakukuhakikishii kwamba chumba chako cha Majengo kitakuwa na mtandao alasiri ya leo.

Unapoiandikisha akaunti kwenye programu, utakutana na uamuzi ambao wengi huupita bila kuusoma, nao ni kuchagua kati ya IMAP na POP. Hapa naomba msomaji atulie. POP ni utaratibu wa zamani ambao kompyuta huenda kwenye seva, yaani mashine ya kampuni inayohifadhi barua, huchukua barua, na isipoelekezwa vingine huzifuta kule ilikozitoa, kwa hiyo nakala pekee iliyopo duniani inabaki ndani ya diski ya mashine ile. IMAP, uliobuniwa na Mark Crispin mwaka 1986, huziacha barua kwenye seva na kompyuta ikawa inazionyesha na kuweka nakala tu; ukisoma barua kwenye kompyuta, simu nayo inajua kwamba imesomwa, na ukiihamishia kwenye folda fulani, inahama kila mahali. Naifahamu ofisi moja ya uwakala wa forodha karibu na Kilindini iliyokuwa ikitumia POP kwenye kompyuta moja ya mapokezi, bila kuacha nakala kwenye seva. Diski ilipokufa, mawasiliano ya miaka yote na wateja wa Uganda na Kongo yalikwenda nayo, pamoja na nakala za hati za shehena ambazo wateja walikuwa bado wanazidai. Hewa yetu hii ya chumvi na unyevu hula vyuma vya kompyuta haraka, na anayeweka kumbukumbu zote ndani ya mashine moja mjini Mombasa anajihatarisha kuliko mwenzake wa Nairobi. Chagua IMAP. Ikiwa kuna sababu ya lazima ya kutumia POP, tafuta kwenye mipangilio kile kisanduku cha kuacha nakala kwenye seva na ukitie alama.

Kwa anwani za Gmail, Outlook na Yahoo, Thunderbird hutambua mipangilio yenyewe ukishaandika anwani, kisha hukufungulia dirisha la kampuni husika ili uingie humo. Kwa anwani ya kampuni yenye jina lake mwenyewe, yaani inayoishia na .co.ke, huenda ukalazimika kujaza kwa mkono: seva ya kupokea kwa IMAP hutumia lango namba 993, kwa POP ni 995, na seva ya kutuma hutumia 465 au 587. Kumbuka kwamba tangu Mei 2022 Google haikubali tena programu inayoingia kwenye akaunti za kawaida kwa jina na nenosiri pekee. Programu kongwe isiyoweza kufungua lile dirisha la kuingia huhitaji nenosiri maalumu la herufi 16 unalolitengeneza ndani ya akaunti, baada ya kuwasha hatua mbili.

Utunzaji wa kila siku si mgumu ukiwa na mazoea mawili matatu. Kikasha kibaki na barua zinazokungoja ufanye jambo. Iliyokwisha kazi iweke kwenye kumbukumbu, ambako haionekani mbele lakini hupatikana ukiitafuta. Kufuta ni jambo jingine: kwenye Gmail barua uliyoifuta hukaa siku 30 kisha hutoweka moja kwa moja, na folda ya barua taka nayo husafishwa kwa muda huo huo, kwa hiyo unaposubiri majibu ya kazi au ya pasipoti, ichungulie kila wiki. Nafasi ikijaa, hutapokea barua yoyote mpya, na watu wengi hudhani hawajaandikiwa. Andika larger:10M kwenye sehemu ya kutafutia, nayo Gmail itakuletea barua zote zinazozidi megabaiti 10, na mara nyingi utakuta ni picha na video chache ndizo zilizokula nafasi yote. Kiambatisho chenyewe kisizidi megabaiti 25 kwa Gmail. Ukiskani kitambulisho au hati ya shehena kwa rangi na kwa ubora wa juu kabisa utafika huko bila sababu, ilhali ubora wa nukta 200 hadi 300 kwa inchi (dpi) unasomeka vizuri.

Kichwa cha barua nakitilia mkazo kuliko mengine, kwa sababu ndicho kitakachotafutwa mwaka kesho. Barua yenye kichwa “Habari” haimwambii mpokeaji chochote, na ukizituma ishirini zote zinaitwa “Habari” hutaipata unayoitaka. Andika namba ya kontena, au jina la mwanafunzi na darasa, au kazi unayoomba. Na unapowaandikia watu wengi wasiojuana, kama wazazi wa chuo au wapangaji wa jengo, weka anwani zao kwenye sehemu ya Bcc, ambapo hakuna anayeona ya mwenzake. Anwani ya mtu ni habari yake binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 imeiweka hivyo.

Ukilazimika kutumia saiba, na wengi bado tunalazimika, fungua dirisha la faragha la kivinjari kabla ya kuandika chochote, kataa kivinjari kinapojitolea kulihifadhi nenosiri, na ukimaliza utoke kwenye akaunti, si kufunga dirisha tu. Kisha fungua folda ya vitu vilivyopakuliwa ufute ulichopakua, na uyafute pia yaliyomo kwenye pipa la kompyuta. Nimeketi kwenye kompyuta za saiba na kukuta nakala za vitambulisho vya watu, vyeti vya ndoa na barua za hospitali, zimepangana kwa tarehe, kila apitaye anaziona. Ukifika nyumbani, ingia kwenye sehemu ya usalama ya akaunti uone orodha ya vifaa vilivyo ndani, na usichokitambua ukiondoe.

Katika mji huu unaoishi kwa bandari, ulaghai unaotutesa zaidi ni wa ankara. Mlaghai huingia kimya kwenye kikasha cha mteja au cha wakala, huzisoma barua kwa majuma bila kugusa kitu, na kabla ya malipo kutumwa huandika kwa lugha ile ile na saini ile ile kwamba akaunti ya benki imebadilika. Anwani yake hutofautiana kwa herufi moja tu: herufi r na n zikishikamana huonekana kama m, na tarakimu 1 husimama mahali pa l. Usiangalie jina la mtumaji tu, libonyeze uone anwani kamili. Na habari yoyote ya kubadilika kwa akaunti ya benki ithibitishe kwa simu, kwa namba uliyokuwa nayo kabla ya barua hiyo, wala si ile iliyoandikwa ndani yake. Kisha tazama kwenye mipangilio kama kuna anwani usiyoijua ambayo barua zako zinapelekwa kwake moja kwa moja, au kichujio kinachoficha barua za benki, kwa sababu mlaghai huziacha amri hizo nyuma, nazo huendelea kufanya kazi hata baada ya wewe kubadilisha nenosiri. Ukigundua jambo kama hilo usizifute barua. Ni ushahidi, na Sheria ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta inakupa mahali pa kushtakia.

Akaunti isiyofunguliwa nayo hufa. Tangu Desemba 2023 Google ina utaratibu wa kuzifuta akaunti binafsi ambazo hazijatumiwa kwa miaka 2, pamoja na picha na mafaili yake, na jina la Gmail likishafutwa hakuna anayeweza kulisajili tena, hata wewe. Mwanafunzi aliyefungua anwani kwa ajili ya KUCCPS, yaani maombi ya nafasi za vyuo, na asiiguse tena atakuja kuihitaji siku ya HELB kudai deni lake. Ndani ya akaunti hiyo hiyo pana mahali pa kuamua nani apewe habari na nani apewe mafaili endapo utanyamaza kwa miezi 3, 6, 12 au 18, na unaweza kutaja hadi watu 10. Wazee wetu huandika wasia wa mashamba na nyumba. Picha za familia na hati zilizoskaniwa nazo ni mali ya warithi, na kuzipanga huchukua robo saa.

Khalati alipokuwa na anwani yake mpya, kazi ilikuwa haijaisha, kwa kuwa ile ya zamani ilikuwa bado imeandikwa kila mahali. Tulianza na benki, kisha KRA, kisha eCitizen, yaani kwanza palipo na fedha na utambulisho, na baada ya hapo shule ya wajukuu na wauzaji wa jumla wanaomletea leso. Kule ambako mfumo ulikubali kubadilishiwa mtandaoni tulibadilisha. Kule ulikokataa alikwenda mwenyewe na kitambulisho chake, na alipoombwa anwani mpya kwenye dirisha la ofisi aliiandika kwa mkono wake, herufi kwa herufi, kisha akamwomba afisa amsomee alichokiandika kwenye skrini kabla hajaihifadhi.